Kodi ya hewa ukaa: Marejesho yatangulie, bei ifuate

Aprili 1, 2025, madereva katika majimbo mengi ya Kanada waliamka wakakuta kodi ya senti 17.6 kwa kila lita ya petroli imeondolewa. Soko la dunia halikuwa limetikisika. Waziri Mkuu Mark Carney, siku ile ile alipoapishwa Machi 14, alikuwa ametia saini kuishusha hadi sifuri kodi ya hewa ukaa inayolipwa na watumiaji wa kawaida. Carney si mtu wa kupuuza mabadiliko ya tabianchi. Amewahi kuwa gavana wa benki kuu mbili, ya Kanada na ya Uingereza, kisha mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa wa masuala ya tabianchi na fedha. Chama chake cha Liberal ndicho kilichoianzisha kodi hiyo na kuitetea mpaka Mahakama ya Juu, ambako ilishinda Machi 2021. Sasa chama hicho hicho kiliizika kwa mikono yake, na Aprili 28 kikashinda uchaguzi. Vitisho vya ushuru vya Rais Donald Trump wa Marekani vilikibeba sana, ni kweli, lakini katika kampeni nzima hakuna hata kimoja kati ya vyama viwili vikubwa kilichothubutu kuitetea kodi ile.

Kinachoshangaza ni jinsi kodi yenyewe ilivyoundwa. Ilianza mwaka 2019 kwa dola 20 za Kanada kwa kila tani ya hewa ukaa, ikapanda kidogo kidogo hadi dola 80 Aprili 2024. Takriban asilimia 90 ya makusanyo haikubaki serikalini, ilirudi kwa kaya. Familia ya watu wanne jimboni Ontario ilistahili dola 1,120 kwa mwaka wa 2024/25, na ya Alberta dola 1,800, bila kujali imechoma mafuta kiasi gani. Ofisi ya Bajeti ya Bunge la Kanada ilipopima kilichotoka mfukoni na kilichorudi, ilikuta kaya nyingi zinapokea zaidi ya zinacholipa. Ilipojaribu kuongeza athari kwenye ajira na mapato ya uwekezaji, picha iligeuka na wapinzani wakaishikilia hesabu hiyo kama silaha; mwaka 2024 ofisi ikakiri kwamba hesabu hiyo ilikuwa na kosa. Lakini kufikia hapo kiongozi wa upinzani, Pierre Poilievre, alikuwa amezunguka nchi nzima na kaulimbiu moja fupi ya kuifuta kodi, na watu walikuwa wanamsikiliza yeye.

Kwa nini mtu akatae kodi inayomrudishia zaidi ya inachomchukulia? Yapo majibu mawili ya haraka. La kwanza ni kwamba binadamu ni mbinafsi na hataki kuigharimia dunia ya wajukuu wake. La pili ni kwamba wananchi hawajui hesabu, waelimishwe. Majibu yote mawili yanawapendeza watawala kwa kuwa yanaiweka lawama kwa mlipaji. Lakini ukizipitia nchi zilizojaribu kodi hii, moja baada ya nyingine, unakuta lawama inaelekea upande wa pili. Mwananchi anapima anachokiona na anakumbuka alivyotendewa jana. Bei anaiona kila siku. Marejesho hayaoni, au anayaona akiwa ameshakasirika. Na mkono unaoahidi kurudisha ni ule ule uliowahi kuchukua bila kurudisha. Kodi ya hewa ukaa inakubalika pale tu marejesho yanapotangulia bei na kuonekana wazi, na serikali isiyoweza kufanya hivyo haina sababu ya kumshangaa anayeikataa.

Bei ina ubao, marejesho hayana

Tazama mambo yalivyokuwa Kanada kwa karibu. Bei ya mafuta huandikwa kwa tarakimu kubwa zinazowaka taa, barabarani, mahali ambapo hata asiye na gari huiona akipita. Marejesho yalikujaje? Miaka ya mwanzo yalikuwa mstari mmoja ndani ya fomu ya kodi ya mapato, yakichanganywa na marejesho mengine, kiasi kwamba mtu alipokea jumla asijue sehemu ipi imetokana na nini. Yalitolewa mapema, kwa hiyo Kanada kwa kweli ilitanguliza malipo, ila iliyatanguliza gizani. Kuanzia Julai 2022 fedha zilianza kuingia benki kila baada ya miezi mitatu, lakini katika taarifa za akaunti za benki kadhaa zilitokea kwa vifupisho visivyoeleweka. Ilipofika Februari 2024 serikali ilibadilisha jina la malipo hayo ili mtu akiliona ajue moja kwa moja ni ya hewa ukaa. Kodi ilikuwa inakaribia kutimiza miaka mitano, na ubao wa bei ulikuwa haujapumzika hata siku moja.

Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2022 katika jarida la Nature Climate Change waliwauliza wananchi wa Kanada na Uswisi kuhusu marejesho haya. Wengi hawakujua wanapokea kiasi gani, na huko Uswisi wengi hawakujua kama wanapokea chochote. Uswisi hutoza mafuta ya kupashia nyumba joto tangu mwaka 2008 na hurudisha takriban theluthi mbili ya makusanyo kwa wananchi na kampuni. Sehemu ya mwananchi hupitia kwenye bili ya bima ya afya, kama punguzo dogo ambalo jicho hulipita bila kusimama. Juni 13, 2021 Waswisi walipoulizwa kwa kura kama wanataka sheria kali zaidi, yenye tozo juu ya mafuta na tiketi za ndege, asilimia 51.6 walisema hapana. Miaka miwili baadaye, Juni 18, 2023, watu wale wale waliletewa sheria ya tabianchi yenye lengo la kufuta uchafuzi ifikapo 2050, na fedha za kuwasaidia wenye nyumba kubadilisha mitambo ya kupashia joto, bila kodi mpya. Asilimia 59.1 wakasema ndiyo. Taifa lililokosa moyo wa kutunza mazingira lisingepiga kura hiyo ya pili.

Ufaransa inaonyesha jeraha lililo ndani zaidi. Mwaka 2018 kodi ya hewa ukaa ilifika euro 44.60 kwa tani, na Januari 2019 ilipangwa ipande tena, dizeli ikiongezeka kwa zaidi ya senti 6 kwa lita. Novemba 17, 2018 watu waliovaa vizibao vya njano, vile ambavyo sheria inamtaka kila dereva awe navyo garini, walifunga barabara na mizunguko nchi nzima. Wengi walitoka miji midogo na vijijini, kusikofika treni, ambako gari si anasa. Mwaka ule ule Rais Emmanuel Macron alikuwa ameifuta kodi ya utajiri na kuweka nyingine nyepesi inayogusa majumba na ardhi tu. Mwananchi hakuhitaji shahada ya uchumi kuziweka habari hizo mbili bega kwa bega: tajiri amepunguziwa, mwenye gari kuukuu ameongezewa. Desemba serikali ikasalimu amri, na kiwango cha kodi kikagandishwa palepale kilipokuwa.

Baada ya vurugu hizo wanauchumi Thomas Douenne na Adrien Fabre waliwauliza Wafaransa zaidi ya 3,000 swali la wazi: tukiongeza kodi, kisha tukampa kila mtu mzima euro 110 kwa mwaka, mnakubali? Asilimia 70 walikataa. Kwa hesabu za watafiti wengi wao wangepata faida, lakini waliamini watapata hasara, na hata walipoonyeshwa hesabu hiyo wengi hawakubadili imani. Wapo wanaousoma utafiti huu kama ushahidi wa ujinga. Mimi nausoma tofauti. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na kushtuka kwake kumetokana na alichokipitia. Mtu aliyeshuhudia kodi ya tajiri ikifutwa na ya dizeli ikipandishwa ndani ya mwaka mmoja ana haki ya kuiona ahadi ya euro 110 kuwa karatasi, mpaka aishike mkononi.

Iran iliyoweka pesa kwanza

Je, akiishika mkononi atabadilika? Mfano ulio wazi zaidi unatoka Iran, mahali ambapo wengi hawangetarajia. Haukuwa wa kodi ya hewa ukaa, ulikuwa wa kuondoa ruzuku ya mafuta, lakini mwananchi pampuni hatofautishi hayo mawili: bei ni bei. Mwaka 2010 serikali iliwafungulia akaunti wakuu wa kaya nchi nzima na kuweka humo takriban rial 455,000 kwa kila mtu kwa mwezi, kabla bei haijaguswa. Watu waliweza kuziona fedha hizo kwenye akaunti zao lakini hawakuweza kuzitoa mpaka siku ya mageuzi. Desemba mwaka huo bei za nishati zilipandishwa mara kadhaa, petroli yenyewe ikaruka kupita kiasi, na mitaa ikabaki tulivu. Novemba 2019 serikali ya nchi hiyo hiyo ilipandisha bei ya petroli usiku wa manane bila kuwaandaa watu, ikiahidi kwamba fedha zitawafuata, na malipo yakaanza siku chache baadaye. Zilikuwa siku chache tu, lakini moto ulikuwa umeshawaka. Maandamano yalizuka katika miji mingi na mamia ya watu wakauawa.

Atasema msomaji makini kwamba Iran ni nchi ya mkono wa chuma, na kwamba utulivu wa 2010 huenda ulikuwa hofu. Hoja hiyo ina uzito, ila mkono wa chuma ulikuwepo mwaka 2019 pia na haukuwazuia watu kutoka. Atasema pia kwamba mfumuko wa bei uliila ile rial 455,000 mpaka ikawa haina thamani. Hilo ni kweli, na linaongeza sharti jingine: marejesho yasiyopanda pamoja na bei ni ahadi inayokufa polepole. British Columbia, jimbo la Kanada lililoitangulia nchi nzima, lilianza vizuri kwa maana hiyo. Juni 2008, mwezi mmoja kabla ya kodi yake ya dola 10 kwa tani kuanza, lilimlipa kila mkazi dola 100, likapunguza kodi ya mapato, na sheria ikaitaka serikali irudishe kila kilichokusanywa. Upinzani ulijaribu kuitumia kodi hiyo kuiangusha serikali katika uchaguzi wa 2009, ukashindwa. Mwaka 2017 sharti la kurudisha kila kitu liliondolewa. Mwaka 2025, Kanada ilipofuta, jimbo hilo nalo likafuta.

Kuna pingamizi jingine ambalo wachumi hulisikia kila mara: kama pesa inarudi kwa mlipaji, kodi ina kazi gani? Chukua nyumba mbili za mtaa mmoja jijini Toronto mwaka 2024, kila moja ina watu wanne, kila moja inapokea dola 280 kila baada ya miezi mitatu. Nyumba ya kwanza inatumia lita 1,500 za petroli kwa mwaka. Kodi yake ya petroli ni dola 264. Ya pili ina magari mawili makubwa na inatumia lita 6,000. Inalipa dola 1,056, na bado haijalipia gesi ya kupashia nyumba joto. Marejesho ni sawa, kwa hiyo kila lita ambayo nyumba yoyote inaiacha ni senti 17.6 zinazobaki mfukoni. Kurudisha pesa hakuondoi sababu ya kupunguza matumizi. Tafiti za British Columbia ziliona uchafuzi ukipungua kwa kati ya asilimia 5 na 15 ukilinganisha na hali ambayo ingekuwepo bila kodi. Sweden, iliyoanza mwaka 1991 huku ikipunguza kwa kiasi kikubwa kodi ya mapato, leo inatoza kiwango kikubwa kuliko karibu nchi zote duniani, na uchumi wake haukuporomoka. Lakini Msweden wa mjini alikuwa na njia ya kukwepa mafuta: mabomba ya joto la pamoja yanayopita chini ya mtaa wake. Kodi ilimsukuma kuelekea mlango uliokuwa wazi.

Kwetu, simu ilijua kuchukua

Mjadala huu hauko mbali na Afrika Mashariki kama unavyodhaniwa. Septemba 4 hadi 6, 2023, viongozi wa Afrika walikutana Nairobi katika Mkutano wa Tabianchi wa Afrika, na Azimio la Nairobi likaitaka dunia iweke mfumo wa kodi ya hewa ukaa unaogusa biashara ya mafuta ya kisukuku, meli na ndege. Rais William Ruto alikuwa mtetezi wake mkubwa. Miezi miwili nyuma, kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta nchini Kenya ilikuwa imepandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Na siku nane baada ya mkutano kufungwa, mamlaka ya udhibiti wa nishati ilitangaza bei mpya: petroli Nairobi shilingi 211.64, mara ya kwanza kupita 200. Bei ya dunia ilikuwa imepanda pia, lakini mwendesha bodaboda aliyeusoma ubao ule hakugawanya shilingi zake kati ya Riyadh na Hazina ya Nairobi. Muswada wa Fedha wa 2024 ulipokuja na tozo iliyopewa jina la mazingira, ikigusa nepi, matairi na vifaa vya elektroniki, jina hilo zuri halikuisaidia. Juni 25 waandamanaji waliingia bungeni. Juni 26 Rais akakataa kuusaini muswada wote.

Tanzania ina kumbukumbu yake. Julai 15, 2021 ilianza tozo ya miamala ya simu, ya kati ya shilingi 10 na 10,000 kutegemea kiasi kinachotumwa au kutolewa. Serikali ilieleza zinakokwenda fedha hizo: vituo vya afya, madarasa. Malalamiko hayakuisha, na Septemba mwaka huo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, kisha ikapunguzwa tena baadaye. Tofauti ilikuwa pale pale kwenye kioo cha simu. Makato yalimfikia kila mtu papo hapo, kwa ujumbe, kwa jina lake, hadi shilingi ya mwisho. Darasa lilijengwa mbali, wilaya nyingine pengine, na halikumtumia ujumbe mtu yeyote.

Wapo watakaosema Afrika ina sehemu ndogo mno ya uchafuzi wa dunia, kwa hiyo suala hili ni la wenye viwanda. Kwa haki, ni hivyo. Kwa biashara, si hivyo tena: kuanzia Januari 1, 2026 Umoja wa Ulaya unatoza hewa ukaa iliyomo kwenye saruji, chuma, mbolea na aluminiamu zinazoingia sokoni mwake, na unapunguza kiasi kilichokwishalipwa nchini zilikotengenezwa. Msumbiji, iliyouza aluminiamu Ulaya kwa miaka mingi, inajua maana yake. Afrika Kusini ilishaanzisha kodi yake Juni 2019. Mawaziri wa fedha watajiuliza kwa nini pesa hiyo iishie Brussels. Hapo ndipo tahadhari inapohitajika, kwa sababu tozo ya kiwandani ikishazoeleka ni rahisi kuiteremsha mpaka kwenye pampu na kwenye kibatari. Na kibatari kina mtego wake. Kenya ilipopandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuzuia uchakachuaji wa dizeli, maskini wa mjini ndiye aliyeumia. Asiyeweza kununua mafuta ya taa haendi kwenye jiko la umeme. Anarudi kwenye mkaa. Kodi isiyo na mlango wa kutokea humfungia mtu ndani na moshi.

Hata hivyo eneo letu lina chombo ambacho Kanada haikuwa nacho. Kanada ilihangaika na vifupisho vya benki. Hapa ujumbe unaoanza na neno "Umepokea" husomwa sokoni, shambani na kwenye kijiwe cha bodaboda, na anayeupata hahitaji kufasiriwa. Kuna watakaojibu kwamba daftari za walengwa zina majina ya marehemu, kwamba vijijini wapo wasio na laini, kwamba fedha zitavuja njiani. Yote yanawezekana. Lakini serikali iliyoweza kumkata mama muuza mboga shilingi 10 bila kukosea namba yake haiwezi kudai kwamba namba hiyo imepotea inapofika zamu ya kumrudishia. Ikishindwa, ndiye mama muuza mboga mwenye haki katika ubishi huu, na kukataa kwake ni hesabu sahihi aliyoifanya kwa taarifa alizonazo. Waziri anayetaka kujua kama wananchi wake wataikubali kodi ya hewa ukaa asianze na kura ya maoni. Atume fedha kwanza, mwezi mzima kabla ya kuubadilisha ubao wa kituo cha mafuta, kisha awaulize.